Mo Amin hakuwa mpiga picha tu

Ukimtajia kijana wa Dar es Salaam neno "prodyuza", kinachomjia kichwani ni studio, spika kubwa na mdundo. Atakutajia P Funk, atakutajia Master J, na kama ana kumbukumbu nzuri atakuimbia na kiitikio. Prodyuza wa televisheni je? Hapo atakutumbulia macho. Mtangazaji anamfahamu vizuri, hata nguo aliyovaa jana usiku anaikumbuka. Lakini yule aliyehangaika na kibali, gari, mafuta, umeme na mhariri mpaka mtangazaji akapata cha kusoma, huyo hana jina wala sura.

Mimi ni mtu wa gazeti. Sina kamera ya televisheni na sijawahi kutayarisha kipindi. Ila kwenye mikutano ya waandishi wa habari tunakaa pamoja, sisi wa kalamu mbele, wao nyuma na miguu mitatu ya kamera zao, na soda tunakunywa meza moja. Nina rafiki yangu huko nyuma. Anapiga picha, anahariri, anatayarisha kipindi kizima cha nusu saa kila wiki kwa kituo ambacho sitakitaja. Huu ni mwaka wake wa tatu bila mkataba. Picha zake zinapita kwenye taarifa ya habari, jina linaandikwa la mwingine. Siku moja akaniuliza, bila utani: "Hivi kuna mtu yeyote wa huku kwetu aliyeifanya kazi hii ikamfikisha mahali?"

Nikamjibu kwa jina moja: Mohamed Amin. Wenzake walimwita Mo.

Rafiki yangu alimjua kwa mbali. Zile picha za njaa ya Ethiopia, siyo? Ndiyo, zile. Alichokuwa hajui ni kwamba Mo alianzia hapahapa mjini. Basi haya ninayoyaandika ni kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe ambaye labda nawe hukujua.

Mo alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943, katika familia ya Kipunjabi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Akiwa bado mtoto familia ikahamia Dar es Salaam, na ni hapa alipokulia na kupata ugonjwa wa kamera. Kabla hajamaliza shule alikuwa tayari anauza picha kwenye magazeti. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akafungua kampuni yake hapa Dar akaiita Camerapix. Umri wa kijana wa mwaka wa pili pale Mlimani, yule anayegombania boom.

Fikiria Dar ya wakati ule. Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu. FRELIMO ilikuwa imeundwa hapa mwaka 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa hapa mwaka 1963. Wapigania uhuru wa nusu ya bara walikuwa wanapishana mitaani. Tarehe 12 Januari 1964 Zanzibar ikapinduliwa, tarehe 20 mwezi huohuo askari wa Tanganyika Rifles wakaasi, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikaungana. Kwa mwandishi wa habari, hiyo ni miezi minne ya kukosa usingizi. Mo alikuwemo. Alivuka akapiga picha za mapinduzi ya Zanzibar, zikaenda nje.

Na hapa kuna jambo ambalo nikilifikiria nacheka kwa uchungu. Zikaenda nje, kwa sababu ndani zisingeweza kwenda. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walipata yao mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini sisi wa Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza. Yaani kijana wa Dar alikuwa anarekodi habari za nyumbani kwa ajili ya watazamaji wa London, na jirani yake aliyekuwa kwenye picha hakuwa na njia ya kujiona.

Enzi zile hakukuwa na kutuma kwa simu. Kamera ilitumia filamu, filamu ilitiwa kwenye mfuko, mfuko ulipelekwa uwanja wa ndege, na mtu wako wa London aliupokea upande wa pili. Kwa hiyo mpiga picha hodari asiyejua ratiba ya ndege alikuwa si kitu. Ungeweza kupata picha ya karne ikafika kesho kutwa, dunia imeshahamia kwingine. Mo alilijua hili mapema kuliko wengi. Alijua nani yuko forodhani, ndege ipi inaondoka saa ngapi, waziri yupi anaamka alfajiri. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo uprodyuza wake ulipoanzia, kabla mtu yeyote hajampa cheo hicho. Kutayarisha maana yake ni kuhakikisha kila mlango kati ya tukio na mtazamaji uko wazi. Mlango mmoja ukifungwa, kazi yote imekufa.

Milango mingine ilimfungia yeye mwenyewe ndani. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar baada ya kurekodi mambo ya kijeshi ambayo wakubwa hawakutaka yaonekane, akakaa gerezani karibu mwezi mzima. Alipotoka, Tanzania ikawa si mahali pake tena. Akarudi alikozaliwa, Nairobi, na Camerapix ikahamia huko. Ndiyo maana leo watu humwita Mkenya na kunyamaza hapo. Ni Mkenya kweli, ila miaka ya kujifunza ilikuwa ya Dar.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi mbele ya duka la dawa katikati ya Nairobi, barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Mo alifika ndani ya dakika chache, akaingia mpaka kwenye gari la wagonjwa lililombeba Mboya, huku anapiga picha. Kazi ile ilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka huko Uingereza. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni kitu kidogo cha kiufundi. Mo alikuwa na desturi ya kubeba kamera za aina mbili kwa wakati mmoja, ya picha za mnato na ya filamu. Tukio moja lilimpa picha ya gazeti, habari ya televisheni, na miaka ikipita, ukurasa wa kitabu. Na vyote vilibaki na jina la Camerapix.

Rafiki yangu nilipomfikisha hapo aliacha kutafuna chipsi. "Yaani picha zilikuwa zake?"

Zilikuwa zake. Aliwauzia Visnews, lile shirika la London lililokuwa linasambaza picha za habari duniani na ambalo baadaye likawa Reuters Television. Akawa mkuu wao wa Afrika. Aliwafanyia kazi BBC. Lakini alikuwa na kampuni, ofisi, maktaba ya picha, na vitabu juu yake: cha Hija ya Makka kilitoka mwaka 1978, baada ya kupata ruhusa ya kupiga picha mahali ambapo wengi hawaruhusiwi, cha Ziwa Turkana na watu wake mwaka 1981, cha safari ya Kenya mwaka 1982. Wakati mpiga picha mwingine anasubiri simu ya mhariri wa ng'ambo, Mo alikuwa analipa mishahara.

Nayasema haya kwa makusudi, kwa sababu sisi waandishi vijana tunapenda sana kuzungumzia ujasiri. Tunapenda hadithi za risasi na mabomu. Hatupendi kuzungumzia risiti. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari moja pesa ambayo nauli na chakula vinaimaliza kabla hajarudi nyumbani, halafu habari ile ikiuzwa mara kumi yeye hana chake. Anapokea bahasha kwenye mkutano wa kampuni fulani, kisha tunamshangaa kwa nini hakuuliza swali gumu. Mo aliuliza maswali magumu kwa sababu, pamoja na moyo, alikuwa na mahali pa kusimama. Si rahisi kumtisha mtu ambaye kodi yake ya pango imelipwa.

Na alisimama mbele ya watu wa kutisha. Mwaka 1980, Idi Amin akiwa ameshakimbia Uganda, alijificha Saudi Arabia na dunia haijui anawaza nini. Waliompata wakamhoji mbele ya kamera ni Brian Barron wa BBC na Mo nyuma ya kamera. Amin kwa Amin, ingawa hawakuwa ndugu.

Sasa tufike Korem.

Mwaka 1984 kaskazini mwa Ethiopia watu walikuwa wanakufa kwa maelfu. Mvua zilikuwa zimegoma, hiyo ni kweli, lakini kulikuwa na vita pia. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa inapigana na waasi wa Tigray na wa Eritrea, na chakula kilikuwa silaha kama silaha nyingine. Mwezi Septemba mwaka ule serikali hiyo ilikuwa inasherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake, Addis Ababa imepambwa mabango na matao, na waandishi wa kigeni hawatakiwi kwenda kaskazini kuona kilichoko. Mashirika ya misaada yalikuwa yanapiga kelele. Dunia ilikuwa imezoea kelele.

Michael Buerk alikuwa mwandishi wa BBC mwenye makao Afrika Kusini. Mo ndiye aliyeipanga safari. Kupanga hapa usielewe kukata tiketi. Walipofika Addis Ababa ilibidi vibali vya kwenda kaskazini vipiganiwe upya, ofisi hadi ofisi, afisa hadi afisa, na anayejua ofisi za Addis na majina ya waliomo alikuwa Mo, ambaye alikuwa ameshaingia na kutoka Ethiopia miaka mingi. Hatimaye walipanda ndege ya shirika la misaada la World Vision, wakafika Mekelle na Korem.

Korem iko milimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi inakata. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekuja hapo kufuata chakula ambacho hakikuwepo, wengine wamelala chini hawana hata blanketi, na kila alfajiri maiti zilikuwa zinapangwa mstari zikiwa zimefungwa kwenye magunia na vitambaa. Mekelle kulikuwa na muuguzi wa Msalaba Mwekundu, Claire Bertschinger, ambaye kila siku alilazimika kupita kwenye safu za watoto na kuchagua wachache wa kuingizwa kulishwa, maana chakula hakikutosha wote. Mo alirekodi yote haya kwa utulivu. Kamera yake haikukimbiakimbia. Ilikaa juu ya uso wa mtu mpaka wewe mtazamaji uone aibu ya kugeuka.

BBC iliitangaza habari hiyo tarehe 23 Oktoba 1984, kwa maneno ya Buerk aliyeifananisha njaa ile na njaa za kwenye Biblia. Marekani, NBC wakaionyesha siku hiyohiyo. Baadaye ikapita kwenye vituo zaidi ya 400 duniani. Bob Geldof alikuwa mmoja wa walioitazama, na wiki chache baadaye wanamuziki wa Uingereza na Ireland walikuwa studio wakirekodi wimbo wa kuchangisha. Marekani wakafuata na wao. Tarehe 13 Julai 1985 ikafanyika Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Ndege za chakula zilianza kwenda. Watu ambao wangekufa hawakufa.

Tanzania Bara hatukuona kitu. Tulisikia redioni.

Hapa ndipo mimi na rafiki yangu tuligombana, na sitaki kuficha kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema hivi: "Huyo Mo wako ndiye aliyetufunga. Mpaka leo Mzungu akisikia Afrika anaona mtoto mwenye tumbo kubwa na nzi usoni. Umaskini wetu akaufanya habari, na Wazungu wakaufanya tamasha."

Nilikaa na maneno yale siku kadhaa. Na kuna mengine ya kuongeza ambayo yeye hakuyataja. Picha zile zilionyesha ukame vizuri kuliko zilivyoonyesha vita. Mtazamaji wa London alitoka na huruma, hakutoka na swali la nani amezuia chakula. Serikali ya Mengistu iliwahamisha mamia ya maelfu ya watu wa kaskazini kuwapeleka kusini, wengi kwa nguvu, wengi wakafa njiani na huko walikofikishwa, na yote hayo wakati misaada inamiminika. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walipolisema hilo hadharani, walifukuzwa nchini mwezi Desemba 1985. Kwa hiyo ni kweli kwamba picha inaweza kuokoa mtoto na papo hapo ikamfunika mtu anayemtesa baba yake.

Lakini nilimrudia rafiki yangu nikamwuliza: Ungemwambia Mo afanyeje? Azime kamera? Serikali ya Addis ilikuwa inataka hilohilo. Ilikuwa na sherehe, ina mabango, ina wageni waalikwa. Heshima ya Ethiopia kwenye macho ya dunia ndiyo iliyotumika kama sababu ya kuwaficha Waethiopia wanaokufa. Nikisikia mtu anasema tusionyeshe mabaya yetu kwa wageni, huwa nauliza kwanza: anayesema ameshiba? Yule mama wa Korem hakuwa na tatizo la taswira ya Afrika. Alikuwa na tatizo la chakula.

Kosa, kama lipo, silioni kwenye kamera ya Mo. Naliona kwa wote waliokuja kupiga picha moja wakaondoka. Mo hakuondoka. Huku ndiko kwake. Mtu aliyekaa kwenye bara lake miaka thelathini na kamera ana haki ya kuonyesha njaa, kwa sababu huyohuyo ameonyesha mahujaji, wavuvi wa Turkana, marais, harusi na mbuga. Miaka ya 1990 aliendesha kipindi cha Africa Journal, cha kila wiki, kilichosambazwa kwenye vituo vya Afrika yenyewe, kuhusu biashara, sanaa, michezo na maisha ya watu wa kawaida wa bara hili. Hicho watu hawakifungulii tamasha uwanjani. Lakini ndicho kazi ya prodyuza: wiki baada ya wiki, mlango baada ya mlango, mpaka taswira ya pili ipate nafasi kando ya ile ya kwanza.

Rafiki yangu hakukubali moja kwa moja. Alisema, "Sawa, ila ya njaa ndiyo iliyoshinda." Hapo sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina.

Tarehe 4 Juni 1991, siku chache baada ya waasi kuingia Addis Ababa na utawala wa Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka mjini humo. Mo alikwenda kurekodi. Mlipuko mwingine ukatokea wakiwa karibu. John Mathai, Mkenya aliyekuwa anashughulikia sauti, alikufa hapohapo. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Kwa mpiga picha, mkono ni kazi. Watu walidhani ndiyo basi. Alitengenezewa mkono wa bandia, kamera ikatengenezwa ili iendane nao, akarudi kazini.

Huwa tunaisimulia sehemu hii kwa kumsifu shujaa wa mkono mmoja. Mimi naomba tumtaje Mathai mara mbili. Mtu wa sauti hutembea hatua moja na mpiga picha, siku zile wameunganishwa na waya. Anakwenda anakokwenda mwenzake, na jina lake hulikuti kwenye jalada la kitabu. Wangapi kati ya wanaotubebea nyaya na taa hapa kwetu wana bima? Wanaopanda pikipiki na kamera begani kwenda kwenye vurugu, wakivunjika mguu nani analipa hospitali? Nilimuuliza rafiki yangu. Akacheka tu, kile kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo analolijua mno.

Kuna gharama ya nyumbani pia. Mtoto wake, Salim Amin, ambaye aliirithi Camerapix, alishiriki kutengeneza filamu iitwayo Mo & Me, ya mwaka 2006, kuhusu baba yake. Ukiitazama unamwona mtoto anayemtafuta baba ndani ya maktaba ya picha. Baba aliyekuwepo kila mahali duniani lilipotokea jambo, maana yake kuna meza moja ya chakula ambapo mara nyingi hakuwepo. Vijana wenzangu mnaosema mnataka kuwa kama Mo, itazameni hiyo kwanza.

Mwisho wake wengi wanaujua kwa juujuu. Tarehe 23 Novemba 1996 Mo alikuwa anarudi Nairobi kutoka Addis Ababa na Ethiopian Airlines, shirika ambalo kampuni yake ilikuwa inalichapishia jarida la abiria. Alikuwa na mwandishi mwenzake wa Camerapix, Brian Tetley. Vijana watatu waliiteka ndege wakidai ipelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayawezi kufika huko. Hawakumwamini. Aliifuata pwani ya Afrika kisha akaelekea Komoro, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, Mo na Tetley wakiwa miongoni mwao. Mo alikuwa na miaka 53. Walionusurika walisimulia kwamba hadi dakika za mwisho alikuwa amesimama, akizungumza na watekaji.

Hilo halinishangazi hata kidogo. Maisha yake yote alikuwa anafanya hivyo: kumkabili mtu aliyeziba mlango na kuzungumza naye mpaka aufungue. Ofisa wa Addis, askari wa Zanzibar, mhariri wa London anayesema hakuna nafasi leo. Mara hiyo aliyeziba mlango hakuwa wa kuelewa.

Na ile ndege ikigusa maji ikavunjika, kulikuwa na mtalii ufukweni, mtu aliyekuja mapumzikoni na kamera yake ndogo ya video, akairekodi. Picha ile ilizunguka dunia nzima ndani ya muda mfupi, kama za Korem. Mohamed Amin yumo ndani ya picha hiyo, haonekani.

Siku hizi kila mtu ni yule mtalii. Simu iko mkononi, tukio likitokea Kariakoo kabla vumbi halijatulia video zimeshafika makundi yote ya WhatsApp. Kuna wanaosema basi kazi ya mtayarishaji imekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza inahitajika. Yule mtalii alirekodi kwa sababu ndege ilimjia mbele ya macho. Korem haikumjia mtu mbele ya macho. Ilibidi mtu ajue kwamba iko, aamini kwamba ina maana, apate kibali, apate ndege, arudi na kanda, na ahakikishe kanda inatazamwa. Korem za leo bado zipo, nyingine si mbali na hapa tulipo, na simu zote milioni hizi hazijafika huko kwa sababu hakuna aliyeshughulikia nauli.

Rafiki yangu bado yuko kwenye kituo kilekile. Mkataba bado. Ila wiki iliyopita aliniambia amekwenda BRELA kuulizia usajili wa jina la kampuni, na ameanza kutunza nakala za picha zake zote kwenye diski yake mwenyewe, zikiwa na tarehe na mahali. Hajaniambia jina la kampuni, anasema litaibiwa.

Nina ombi moja kwenu. Camerapix ilizaliwa Dar mwaka 1963. Wapo wazee wa mjini, wa Upanga, wa Kisutu, wa Kariakoo, waliomwona yule kijana akipita na kamera mbili shingoni. Kama unaye mmoja nyumbani, babu, bibi au mzee wa jirani, mwulize duka lilikuwa wapi na alikuwa mtu wa namna gani, halafu niandikie. Wenzetu wa Nairobi wameshasimulia upande wao, wa kwetu haujasimuliwa, na wazee hawatusubiri.